Kochi Lililopika Githeri

Nyumbani kwetu Umoja, miaka ile watoto wangu watatu wakiwa wadogo, hakuna kitu kilichotupwa kabla hakijastaafu kutoka kazi tatu. Vipande vya sabuni vilivyokonda mpaka vikawa vinachomoka mkononi tulivitia ndani ya soksi iliyotoboka, tukaipiga fundo, na hiyo ikawa sabuni ya kuoshea sufuria. Maji ya kusuuzia nguo yalipiga deki sebuleni, yakaendelea na safari mpaka chooni. Pazia lilikuwa gauni, gauni likawa foronya, foronya ikawa tambara, na tambara likizeeka kabisa nililipeleka kazini likajaza mkono wa kochi la mtu mwenye gari. Mke wangu alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area, na kila Jumamosi waligawiwa zile zilizovunjika. Alizitwanga, akazinyunyiza juu ya uji wa asubuhi. Watoto wa majirani walinukia sabuni ya mche. Wangu walinukia vanila.

Watu walicheka, na mimi niliwaacha wacheke, kwa sababu kicheko hakilipishwi. Leo wengine wao ni wapangaji wangu.

Lakini hayo yote hata mtu mwingine angeyabuni akipata nafasi ya kukaa na kufikiri. Kochi ni langu peke yangu.

Mimi ni fundi wa makochi. Shule nilisoma mpaka pale karo ilipokatikia, nikajua kusoma gazeti na kupima mbao, na sijawahi kukutana na shida iliyotaka zaidi ya hapo. Karakana yangu ilikuwa bati nne na meza moja kando ya Outer Ring Road, hatua chache kutoka nyumbani. Asubuhi moja niliacha kikombe cha chai ya moto, nikakifunika na sahani, kikamezwa na rundo la maranda ya mbao. Nilikikuta wakati wa chakula cha mchana. Nilipokinywa kiliniunguza ulimi. Nilisimama pale na ulimi umevimba, nikicheka peke yangu kama mtu aliyeokota mkoba.

Maana shida yetu ilikuwa githeri. Githeri ndicho chakula, hilo halina mjadala, lakini mahindi makavu na maharagwe yana kiburi. Yanataka moto tangu asubuhi hadi jioni, na mtu wa kukaa kando kuuchochea. Mke wangu alitoka asubuhi, mimi nilikuwa na msumeno mkononi. Nani akae na jiko? Ukimweka msichana wa kazi, naye anakula githeri.

Basi nikatengeneza kochi la watu wawili kwa mbao ya podo, na chini ya kiti cha upande wa kulia nikaweka sanduku. Ndani ya sanduku nikatandika gunia, nikashindilia maranda, nikazungusha vipande vya sponji na blanketi kuukuu, katikati nikaacha shimo kamili la sufuria yetu kubwa. Nafaka zililala kwenye maji. Asubuhi mke wangu aliziwashia moto mkali, zikachemka kwa hasira mpaka jiko la kwanza la makaa likaisha. Hapo aliifunika sufuria, akaitumbukiza shimoni ikiwa bado inanguruma, akaweka juu mto wa maranda, kisha mto wa kochi, akaenda zake kazini. Makaa hayakuongezwa hata kipande. Tukirudi jioni, githeri imeiva, laini, na mvuke unatoka. Siku ya kwanza tulicheza dansi sebuleni, mimi na yeye, sufuria ikiwa katikati.

Mto wa maranda ulikuwa mmoja tu, kwa sababu miwili ingekifanya kiti kipande juu kuliko mwenzake. Kwa hiyo joto kidogo lilipenya. Watoto waligombania upande wa kulia kama kuku wanaogombania mahali pa kulala.

Sasa nimlete baba mkwe wangu. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka upande wa Murang'a, mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka. Mahari aliipokea, baraka alitoa, lakini nyumbani kwangu alikuwa hajawahi kutia kitu kinywani. Alisema waziwazi kwamba hatakula kwa mtu anayeuza viti barabarani mpaka ahakikishe binti yake halali njaa. Na hakuwa mtu wa kutisha bure. Mdogo wake mke wangu aliolewa Thika. Mzee alienda huko mara moja, akakuta meko yana majivu ya juzi, akamrudisha binti nyumbani jioni hiyohiyo pamoja na kitanda. Nilikijua kile kitanda. Nilikuwa nimekitengeneza mimi.

Alikuja Jumamosi saa tano asubuhi, bila kutuma neno. Mke wangu alikuwa kazini mpaka saa saba. Aliyempokea ni mama wa mlango wa pili, mtu wa Magharibi, mume wake alikuwa wa reli, na yeye ndiye tuliyemwachia ufunguo na watoto. Alimfungulia mzee, kisha akaja karakana akikaza mwendo.

"Fundi, una mgeni," akaniambia. "Ana kofia, na ameingia jikoni kabla ya kuketi."

Nilikimbia na misumari mdomoni.

Nikamkuta ameshamaliza ukaguzi. Alikuwa ametia kidole kwenye majivu baridi ya jiko, na kidole chenyewe bado alikuwa amekishika juu, cheupe, kama ushahidi mahakamani. Alikuwa ameangalia rafu, ameinua vifuniko, hakuona chakula cha moto wala dalili yake. Halafu, kama mzee yeyote anavyofanya, alichagua kiti kikubwa cha sebule na upande wake mzuri, ule wa kulia. Alikuwa ameketi juu ya githeri.

Nilimsalimu kwa mikono miwili. Aliniuliza habari ya kazi, ya watoto, ya afya, na baada ya kila jibu alikitazama kidole. Nikafungua mdomo nieleze, nikaufunga. Unamwambiaje baba mkwe kwamba amekalia sufuria? Kwetu mzee wa namna hiyo hainuliwi. Anaketi, anainuka mwenyewe, na ninyi mnangoja kati ya hayo mawili. Tena kukalia chakula, na mtu mwenyewe ni mzee wa kanisa! Angeona nimemtega nimdhalilishe. Nikaamua nimngoje mke wangu. Baba ni wake.

Alifika saa saba na nusu, mfuko wa biskuti zilizovunjika mkononi. Alimwona babake, akaona ameketi wapi, na nikaona uso wake ukipita furaha, hofu na kicheko kwa pumzi moja. Akamwamkia kwa heshima zote, kisha akasema ngoja awashe jiko.

"Usiwashe kitu," mzee akamwambia. "Nimekuja kuona mnavyoishi. Sikuja kuona mnavyoigiza."

Chai? Chai si chakula. Biskuti? Alizitazama zilivyovunjika, akafunga macho.

Tulikutana jikoni, tukasimama nyuma ya pazia kama wezi. Mke wangu alikuwa ameziba mdomo na leso, mabega yanamtetemeka.

"Mwinue," akaninong'oneza.

"Mwinue wewe, ni babako."

"Kochi ni lako."

Nilirudi sebuleni na akili mpya. Nilikuwa na kiti kimoja cha mteja kilichokuwa kimekamilika, cha velveti nyekundu, mgongo mrefu, miguu ya simba. Nikakileta kutoka karakana mwenyewe, begani, nikakiweka mbele yake, nikamwomba ahamie kiti kinachomfaa mzee. Alikikagua, akakubali kwamba kimetengenezwa vizuri, na hilo peke yake lilitosha kunifurahisha mwaka mzima siku nyingine. Kisha akajituliza zaidi pale pale.

"Hiki kinanitosha," akasema. "Nina mgongo unaonisumbua tangu mvua za mwezi wa nne. Hapa umenyamaza."

Mke wangu akapendekeza tuombe. Wazo zuri, nikasimama haraka, yeye akasimama, watoto waliokuwa wamejaa mlangoni wakasimama. Mzee akavua kofia na kuomba akiwa ameketi, kwa sababu ya mgongo. Aliombea mvua, akaombea kahawa, akaombea nyumba ambazo watu wake wanapendeza kwa nje na jiko lao ni baridi. Hapo sauti yake ilikaa muda mrefu. Mke wangu aliitikia amina kwa sauti nyembamba kama filimbi, na nikajua kwamba nikimtazama sote wawili tumekwisha.

Nikamwomba nimwonyeshe chumba kipya nilichoongeza nyuma ya nyumba, kwa matofali niliyoyapanga mimi mwenyewe. Alikuwa ameshakiona wakati wa ukaguzi.

Basi akajisogeza kidogo, kushoto na kulia, apate mahali pazuri zaidi pa mgongo. Uzito wake ukaubana mto, na mvuke ukapata njia. Harufu ya maharagwe yaliyoiva na vitunguu ikapanda polepole kutoka chini ya koti lake, ikajaa sebule nzima. Watoto walianza kumeza mate kwa sauti. Mzee akainua pua, akanusa, akageukia ukuta wa mlango wa pili.

"Jirani zenu wanakula," akasema kwa huzuni.

Mke wangu alikimbilia jikoni. Nikasikia sufuria tupu ikianguka, na najua aliiangusha makusudi ili apate kelele ya kuficha kicheko.

Lakini aliporudi, mzee alikuwa ameshashika kofia kwa mikono miwili. Alisema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alimwambia hamlaumu mtu. Alisema mji ni mgumu, na si kila mwanamume anauweza.

"Mwanangu, funga nguo zako na za watoto. Tutapanda gari la saa kumi."

Kicheko kilizimika nyumba ile kama taa. Mke wangu alinitazama. Sikuwahi kuonekana mjinga mbele ya mwanamke yule, na sikutaka kuanzia hapo. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, mimi ambaye sikuwahi kumpigia magoti hata mteja anayedaiwa, nikasema:

"Baba, tafadhali inuka kidogo. Umekalia chakula chako."

Hakuelewa. Nikarudia. Akamtazama binti yake, akaona ameitikia kwa kichwa huku machozi yanamtoka, na mimi mpaka leo sijui yalikuwa ya upande gani. Akainuka. Kwanza alijigusa nyuma ya suruali, akashtuka jinsi ilivyo na joto. Mke wangu aliondoa mto wa kochi, akaondoa mto wa maranda, akaingiza mikono yote miwili kwenye kiti na kuizaa sufuria kubwa nyeusi. Alipoinua kifuniko, mvuke ulimfunika mzee uso na kofia.

Aliinama, akatia mkono ndani ya shimo, akatafuta moto. Akapapasa maranda, akapapasa gunia. Akazunguka nyuma ya kochi, akapiga goti, akaukunja mgongo ule ule uliokataa kusimama kwa maombi, akachungulia chini. Kisha akaniuliza moto uko wapi.

"Uliisha asubuhi, Baba, kabla hujapanda gari lako huko nyumbani."

"Na nani alikuwa anapika?"

"Wewe," mke wangu akamwambia. "Tangu saa tano umeilinda githeri isipoe."

Nilidhani sasa atatuangamiza. Mzee alisimama, akarekebisha koti, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti cha velveti nyekundu, akaketi, akanyoosha mkono apewe sahani.

Mke wangu alimpakulia. Tulisimama mbele yake mstari mmoja, mimi, yeye na watoto, na mama wa mlango wa pili naye alikuwa ameshaingia bila kualikwa. Mzee alichukua kijiko cha kwanza. Akatafuna. Maharagwe hayakumpa kazi, niliona. Akachukua cha pili, cha tatu, macho yakiwa dirishani, na katika mtaa mzima wa Umoja nadhani hakuna aliyepumua. Halafu akashusha kijiko.

"Chumvi imepungua," akasema.

Mgeni haombi chumvi. Mgeni anasifu, anakula nusu, anashukuru, anaondoka. Anayelalamikia chumvi ni mtu aliye kwake. Mke wangu alipiga kigelegele kilichowaamsha watoto wachanga wa nyumba za nyuma, mama wa mlango wa pili akakipokea bila kujua sababu, na mimi ndiye niliyeenda kuleta chumvi, mbio, nikajigonga kwenye fremu ya mlango niliyoitengeneza mwenyewe, wala sikuhisi kitu. Nilipoirudisha, sahani ya kwanza ilikuwa tupu na gari la saa kumi halikutajwa tena.