Jiwe Langu Lilikuwa la Kwanza

Huku kwetu Iramba, chini ya mlima, foleni ya gari tunaipanga kwa mawe. Ukifika asubuhi unaweka jiwe lako nyuma ya la mwenzako, unakwenda kukaa kivulini. Gari ni moja tu, Noah, inapanda asubuhi, inashuka jioni. Jiwe la mtu haliguswi. Kosa langu ni kwamba siku ile niliamini jiwe.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Alikuwa anachemka tangu jana yake, ameacha kunyonya. Zahanati iko juu.

Noah ilifika imeshajaa watu wa mjini, kikundi cha wapanda milima, fulana za rangi moja na fimbo mpya. Wapanda milima wanaopandishwa na gari! Walitaka wafike juu wamekaa, halafu washuke kwa miguu wakipiga picha.

"Shikamoo baba," nilimwamkia dereva. "Mtoto anaumwa. Nipe hata pa kujibana."

"Marahaba. Hawa waliweka oda, mwanangu."

"Na jiwe langu je? Si la kwanza lile?"

Kiongozi wao, mwanaume mwenye kitambi, akachungulia dirishani. "Jiwe halipigi simu, dada."

Gari zima likacheka. Majirani zangu wa foleni wakatazama chini. Siwasahau.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda mlima kwa miguu. Alikuwa ananiunguza kuliko jua. Mwanzoni alilia, baadaye akanyamaza, na huo ukimya ndio ulionikimbiza.

Nimeshapita nusu ya mlima, nikawasikia wanashuka wakiimba.

"Hongera dada, uko fiti!" akasema kitambi. Hata hakunikumbuka.

Binti mmoja akamgusa mtoto shingoni, akashtuka, akanipa chupa yake ya maji. "Pole dada. Wahi."

Kitambi akauliza njia ya barabarani ni ipi, maana hapo zinagawanyika mbili. Moja inafika barabarani. Nyingine ni ya ng'ombe, inaishia korongoni kwenye miiba, mbuzi akipotelea huko tunamsamehe. Nikawaonyesha ya ng'ombe. Maji ya yule binti yako mkononi mwangu, nikawaonyesha tena, taratibu, wasije wakakosea.

Zahanati walimtundikia mtoto dripu. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja, akanigombeza kwa kuchelewa. Mchana umeshapita, dereva akaingia anahema.

"Nesi, wale wageni wameniita kwa simu. Wako korongoni. Binti mmoja kavunjika mguu, mfupa uko nje." Akanigeukia. "Wewe si ulipishana nao? Hawakukuuliza njia?"

"Hawakuniuliza kitu."

Muuguzi akakusanya bandeji zake. Nikamshika mkono. "Unamwacha mwanangu na nani?"

"Na wewe. Dripu ikiisha, funga hapa. Akianza kutetemeka, mlaze ubavu."

"Na asipoacha kutetemeka?"

Alikuwa ameshapanda gari. Lile lile.

Nikakaa na mtoto, kidole kwenye kile kigurudumu cha mpira wa dripu, nahesabu matone. Alitetemeka mara moja. Nikamlaza ubavu, nikapiga kelele, na zahanati nzima haikuwa na mtu wa kuja.

Waliporudi, jua limeshazama, alikuwa ameanza kunyonya. Yule binti aliingizwa amebebwa, analia. Nilimgeuzia mgongo, nikaendelea kunyonyesha.