Watu thelathini na saba walioachwa nje ya hesabu

Saa tatu asubuhi, mtafiti anabisha hodi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, daftari kwapani. Mfuaji mmoja, mama wa makamo asiyemung'unya maneno, anamtazama juu mpaka chini.

"Mama Maswali, umerudi? Si nilishakujibu yote mwaka jana?"

"Ulinijibu, dada. Mimi ndiye niliyekuondoa," anasema, na haya imemjaa usoni.

Kazi yake ni saikolojia ya jamii: kuchunguza jinsi rangi na jinsia zinavyomfanya mtu ajione mwenyeji au mgeni kazini. Alihoji wafanyakazi 612. Dodoso lake lilikuwa na visanduku vya kuchagua asili ya mtu, na asiyejiona humo alitia alama kwenye "Nyingine".

Waliotia alama hapo walikuwa 37. Wachache mno kwa hesabu za kitakwimu, basi akawaondoa, kama wafanyavyo wenzake wengi. Jarida likaikubali ripoti. Mkataba wake chuoni ulikuwa ukingoni, na kuongezwa kwake kulisubiri ripoti hiyo tu.

Kisha mama yake akaisoma. Mtafiti ni mtoto wa baba mweusi na mama mweupe. Utotoni kila upande ulimwambia kwao ni kule kwingine.

"Mama aliniuliza, 'Mwanangu, wewe uko ukurasa gani?' Nikatafuta, sikuwepo: watu kama mimi ndio niliowaondoa. Niliumia, acha tu."

Akaiondoa ripoti jaridani. Mkuu wa idara alimwonya kwamba anajichongea, na kweli, mkataba haukuongezwa. Sasa anafundisha vipindi vya muda kwa nusu ya mshahara, huku akiwatafuta wale 37 mmoja mmoja. Amewapata 22. Watafiti wangapi wangethubutu?

Leo hakuna visanduku. Anauliza tu: "Hapa kazini, wewe ni nani?"

Mfuaji anakunja shuka kwanza, taratibu.

"Baba alitoka mbali, mama ni wa hapa hapa. Miaka kumi na tisa niko hapa, bado naitwa 'yule mgeni'. Wanaume niliowafundisha kazi wamepanda vyeo, mimi niko palepale na mapipa yangu ya kufulia. Lakini mimi ni wa hapa. Liandike hilo."

Mtafiti anaandika.

"Nataka sura ya kwanza ya ripoti mpya iwe yenu," anasema, "hata kama hakuna chuo kitakachonipa kazi tena."

Mfuaji anamsogezea kiti. "Basi kaa, sijamaliza. Na safari hii ukinitoa, nitakufuata mpaka hukohuko chuoni."