Fundi wa Tabora anayepima bunduki kwa shavu la mpigaji

Saa moja asubuhi, Julieth Lugembe amelala kifudifudi kwenye mkeka katikati ya karakana ya Fundi Rashidi Lukumani, mjini Tabora. Amevaa sare yake ya kijani, viatu kaviacha mlangoni. Begani ameegemeza bunduki isiyo na risasi, mtutu ukielekea uani.

"Fumba macho, mwanangu," anamwambia Fundi Rashidi, aliyechuchumaa pembeni yake na kofia yake nyeupe kichwani. "Laza shavu kwenye kitako cha bunduki kama unavyolaza kwenye mto. Usitafute kitu. Umetulia? Haya, fumbua."

Julieth anafumbua. Anatazama ndani ya darubini iliyofungwa juu ya bunduki, kisha anasonya taratibu.

"Giza tupu, fundi. Mpaka niinue kichwa ndiyo napata picha."

"Basi wewe huna tatizo. Darubini iko juu, shavu liko chini. Unapiga kichwa kikiwa kinaelea, na kwa mbali kichwa kikitikisika kidogo tu, risasi imekwenda zake."

Julieth anakaa kitako kwenye mkeka na kushusha pumzi, kama mgonjwa aliyeambiwa ugonjwa wake una dawa.

Yeye ni askari wa wanyamapori wa kijiji kimoja nje ya Usinge, wilayani Kaliua. Tangu mvua ziishe, mamba mmoja amejimilikisha sehemu ambayo wanakijiji huchotea maji. Amekula mbuzi, amemjeruhi mvuvi mguu, na sasa akina mama wanatembea mbali kufuata kisima. Ruhusa ya kumuua imeshatolewa.

Shida ni kwamba mamba huyo ni mjanja. Anaota jua kwenye mchanga wa ng'ambo, zaidi ya mita mia mbili, na mtu akisogea karibu anazama. Julieth amempigia risasi mara mbili, na mara zote mbili amemkosa.

"Maneno yameanza kijijini," anasema. "Wanasema bunduki apewe mwanaume. Mkuu wangu, Masele, amenitetea sana, lakini ameniambia ukweli: nikikosa tena, anampa mwingine. Nililia. Mimi kulenga najua, jamani, najijua."

Bunduki hiyo ya ofisi aliikuta. Kabla yake ilikuwa ya Hilari, askari mrefu mwenye uso mrefu ambaye amestaafu. Darubini yake ilifungwa kwa pete ndefu, vile vyuma vinavyoishikilia juu ya mtutu, zilizomfaa yeye, na alipoondoka hakuna aliyekumbuka kuzipima upya.

"Walimkabidhi bunduki, uso wa Hilari hawakumkabidhi," anasema Fundi Rashidi, kisha anacheka mwenyewe.

Fundi huyu ana miaka sitini na moja, mzaliwa wa Isevya. Kwao wanasimulia kwamba babu yao wa zamani alitengeneza magobore ya watu wa misafara waliopita hapa wakielekea Ujiji. Yeye ana leseni, na wateja wake ni askari wa wanyamapori na wawindaji wenye vibali. Msimu wa uwindaji ukifungwa, ananoa mikasi ya mafundi cherehani na kutengeneza vitasa. Halalamiki. Watoto wamesoma, na paa halivuji.

Kinachomkera ni vijana wanaotaka darubini ikae juu kwa sababu ya urembo.

"Wameona kwenye simu bunduki za majuu, darubini imepandishwa kama mnara wa mtandao. Ukimuuliza ya nini, anakwambia inapendeza. Haya, pendeza basi, nyama tutanunua buchani."

Anafungua skrubu za pete ndefu na kujaribu zile fupi kabisa. Hapo mdomo mpana wa darubini unakaribia kulala juu ya mtutu. Anachukua kadi yake ya zamani ya kupigia kura na kujaribu kuipitisha katikati. Haipiti.

"Ikigusana hivi, mtutu ukipata moto unaisukuma darubini. Leo utapiga hapa, kesho kule," anaeleza. Anavuta komeo la bunduki kama mtu anayetaka kuweka risasi nyingine, na mpini wa komeo unagonga darubini. "Umeona? Kushusha nako kuna mwisho."

Anaweka pete za kati. Kadi inapita, komeo linafunguka bila kugusa kitu. Julieth analala tena, anafumba, anafumbua.

"Sasa naona, ila upande mmoja bado una kivuli."

Fundi Rashidi anakuna kidevu. Pete za kimo cha kati ya hizi na zile fupi hana, na kuziagiza Dar es Salaam kutachukua muda ambao Julieth hana.

"Baba, hapo ilipo iache," inasema sauti kutoka dirishani. "Tupandishe shavu."

Ni Najiat, binti yake mwenye miaka ishirini na tisa, anayeshona mifuko ya bunduki kwa ngozi za ng'ombe kutoka Igunga. Anakuja na vipande vya ngozi. Baba yake akiwa ameshika bunduki, anaviweka juu ya kitako kimoja kimoja, huku Julieth akifumba na kufumbua.

"Hapo hapo," anasema Julieth. "Duara lote jeupe. Usiguse tena."

Najiat anavishona vipande hivyo ndani ya mfuko mwembamba wa kufungwa kwa kamba kwenye kitako. Mwingine akiitumia bunduki, ataufungua.

Kwa miaka sasa, Najiat amekuwa akimwomba baba yake amwombee kibali naye awe fundi anayetambulika. Bila hicho, haruhusiwi kushika silaha peke yake.

"Kazi anaijua, sikatai," anasema Fundi Rashidi kwa sauti ya chini. "Naogopa wateja. Mtu katoka Inyonga na bunduki yake, aje akute binti?"

"Hao wateja hajawahi kuwauliza," anajibu Najiat bila kuinua kichwa.

Mchana wanakwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, maana kimo kikibadilika bunduki lazima ipimwe upya. Risasi za kwanza za Julieth zinaangukia chini. Fundi anarekebisha, na zinazofuata zinasogeleana mpaka mdomo wa kikombe cha kahawa ungezifunika zote. Julieth anaibandua karatasi ya shabaha, kisha anaomba aende nayo.

Wiki iliyofuata, mwandishi wa makala haya yuko karakanani simu inapoita. Fundi Rashidi anaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri sana. Jana alitoka akalala mchangani. Nikasubiri, nikalaza shavu, nikapiga. Hakurudi majini tena." Nyuma yake zinasikika ndoo na vicheko vya wanawake. "Masele ametangaza mbele ya mkutano kwamba bunduki inabaki kwangu. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza. Najiat yupo? Mpe simu nimshukuru."

Fundi Rashidi anampa. Wanawake hao wawili wanazungumza na kucheka, naye anafuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono yenyewe ni safi.

"Nilikuwa nasema wateja watakataa," anamwambia mwandishi. "Mteja mwenyewe ndiye huyo, kamuulizia Najiat."

Anasema ana mpango. Jumatatu atakwenda na binti yake kwenye ofisi ya vibali, amwombee kibali, na In shaa Allah msimu ujao bango la mlangoni litakuwa na majina mawili.

Najiat anarudisha simu na kukaa kwenye ngozi zake.

"Najiat," anaita baba yake. "Kapige picha za pasipoti. Watazitaka Jumatatu."

Najiat anavuta mtoto wa meza na kutoa bahasha ndogo.

"Zipo, baba. Nilipiga mwaka juzi."