Baba alionekana kanyamaza, nikah ya dada ikasimama

Wakuu wa humu, huwa nasoma nyuzi zenu na kupita kimya. Hili limenikaa rohoni, na sijatia chumvi.

Niko form three, Kilwa. Juzi dada Mwanaidi alikuwa anaolewa. Baba yuko Songo Songo kikazi, bahari ikachafuka, boti hazikuvuka.

Shehe akasema baba mdogo ataozesha kwa niaba yake, ila lazima baba aruhusu kwa sauti yake, mashahidi wasikie.

Nikapewa kazi mimi, maana niko klabu ya kompyuta.

Laptop ya klabu ina programu inayokaa katikati (wataalamu mnaiita middleware). Inapokea picha na sauti za simu ya baba, inazigawa: TV ya barazani kwa wanaume, simu ya chumbani kwa dada. Mama alitaka kumuona baba vizuri, nikaweka picha kubwa. Nikaweka pia sauti isubiri picha, midomo iende na maneno.

Hapo nilijichongea.

Shehe akauliza, "Mzee Bakari, umemruhusu mdogo wako amuozeshe binti yako?"

Baba kwenye TV kimya. Katoa macho tu.

Na mtaa mzima unajua baba alisumbua kumkubali huyu kijana!

"Kagoma huyo," mzee mmoja akasema. Babu wa bwana harusi akaanza kutafuta viatu vyake.

"Baba kasemaje?" dada ananiuliza toka chumbani.

Mimi niko ukumbini nyuma ya pazia, kati ya baraza na chumba. Kwenye laptop naona sauti imeshafika, inaisubiri picha iliyokwama kwa network.

"Msiondoke, kajibu!" nikasema. Kasauti kenyewe hata paka asingegeuka.

Nikakata picha. TV ikawa nyeusi.

"Umezima nini wewe!" baba mdogo akafoka.

Ndipo baba akasikika: "...nimeruhusu jamani! Mnataka niimbe?"

Watu wakacheka. Shehe akarudia swali, baba akajibu papo hapo. Nikah ikafungwa, vigelegele chumbani.

Nilichojifunza: network ikiwa ndogo, sauti itangulie, picha itajijua. Kidogo dada akose ndoa kwa setting niliyochagua mimi.

Wataalamu, kuna namna programu ikate picha yenyewe bila mtu kugusa? Nielekezeni taratibu, na matusi yawe madogo, uzi wangu wa kwanza huu.