Siku Tatu za Kupimwa Amiba

Leo asubuhi nimempeleka mwanangu kliniki hapa Donholm, na harufu ya dawa waliyopigia deki imenirudisha kwenye benchi jingine. Nilikuwa na miaka saba, nikihara damu. Mama alilaumu maji ya mfereji, maana bomba la maji taka lilikuwa limepasuka karibu na ploti yetu.

Siku ya kwanza tulifika zahanati na choo changu ndani ya kiberiti kitupu. Sista akasema mtu wa maabara ameshatoka. "Kesho mje na kingine. Hiki kitakuwa kimeharibika."

Kesho yake tumbo lilininyonga tu. Nilichuchumaa chooni hadi miguu ikafa ganzi, Mama akigonga mlango na kuuliza, "Bado?" Hakuna kilichotoka.

Siku ya tatu tulikuwa nacho. Sista hakukifungua hata.

"Darubini imeharibika," alisema, akavuta droo na kumpa Mama dawa. "Ni amiba tu. Watu wote wa upande wenu tunawapa hii."

"Na juzi dawa hii haikuwepo?" Mama aliuliza.

"Ilikuwepo. Lakini lazima mtu apimwe kwanza."

Tukatoka. Mama alitangulia mbio mbio bila kunishika mkono, nami nikajua amenikasirikia kwa sababu ya jana.

"Pole, Mama," nikasema. "Ningejikaza zaidi."

Alisimama, akanigeukia. Kisha akachutama akanibeba mgongoni hadi nyumbani, mtoto mkubwa vile.