Habari Niliyoshindwa Kuiuza

Kaka yangu tulimzika haraka, watu wachache, kwa sababu wiki ile milio ya risasi ilikuwa ikishuka kutoka milimani kila siku. Ilibaki kuganduka. Hiyo ndiyo siku ya kumaliza msiba: ndugu na majirani wanaitwa, pombe inanywewa, na mtu wa nyumbani anasimama kueleza marehemu alikuwa nani. Baada ya hapo watu wanarudia maisha yao. Nyumba ambayo haijaganduka haifungi harusi, na dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa na mchumba. Alikuwa fundi wa baiskeli, hapo hapo mtaani kwetu Kanyosha, na alikuwa amengoja karibu miaka miwili. Pombe ya kuwatosha watu hatukuwa nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu iliishia darasa la sita. Wanaume wa mtaa wetu walifanya kazi bandarini, kushusha magunia ya meli za Kigoma, na kaka alikuwa mmoja wao. Alikuwa akitoka huko siku ile ambayo hakurudi. Nilipotaja bandari, yaya alikataa.

"Bandari imeshakula mumoja. We apana."

Kitu kingine nilichoweza ni kuandika, na nilikiweza polepole. Wakongomani waliokimbilia mtaani kwetu walinijia niwaandikie barua za kupeleka Uvira. Mtu aliweza kunitajia maneno mawili, akaenda bombani kuchota maji, akarudi akanikuta bado kwenye neno la kwanza. Walinivumilia kwa sababu sikuwa mtu wa kusimulia siri zao. Sikuwa mtu wa kusimulia lolote. Hata kusalimia watu wengi kwa mara moja kulinitoa jasho.

Mmoja wa hao wenye barua alikuwa na mtoto wa kiume aliyesimamia chumba cha intaneti mjini, tulichokiita siber. Kilikuwa na kompyuta nne na benchi moja la kungojea. Huyo ndiye aliyeniambia kwamba kuna watu huko ng'ambo wanalipia maandishi. Alinifungulia anwani ya barua pepe na kunionyesha mahali pa kutafuta. Kwa wiki nyingi nilikwenda kila nilipopata nauli, nikasoma matangazo ya kazi. Huyu alitaka Kifaransa safi, yule alitaka diploma, mwingine alitaka mtu mwenye kompyuta yake. Niliwaandikia wachache. Hakuna aliyejibu.

Kisha nikapata tangazo la mama mmoja wa Ulaya, aliyejua Kiswahili cha vitabuni, na aliyekuwa na tovuti ya habari za nchi zetu. Alitaka kurasa mbili juu ya jambo ambalo mwandishi ameliona mwenyewe. Akiridhika, atalipa. Malipo aliyotaja yangetosha pombe ya kuganduka na kitambaa cha harusi juu yake.

Niliandika kwenye daftari wiki tatu. Kupiga maneno kwenye mashine kulikuwa taabu nyingine, kwani kila herufi niliitafuta kwa kidole kimoja.

"Petit," kijana wa siber aliniambia, kwa maana ya mdogo wake, "hiyo A haijakimbia vita. Iko palepale, kushoto."

Watu wa benchini walicheka. Nami nilicheka kidogo, bila kugeuka.

Niliandika juu ya kaka. Nakumbuka mwanzo wake: "Mtu mmoja alitoka kazini jioni moja. Alipita njia fulani. Njiani kulikuwa na watu. Hakufika kwake." Iliendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa wa pili. Sikujua kama nimeficha kitu. Miaka ile wote tulisema hivyo. Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu huko juu. Ukiulizwa nani walikuja, unajibu watu. Kwangu mimi na yaya, kila "fulani" ilikuwa na sura yake, na nilidhani msomaji naye ataiona.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Kijana wa siber alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Mama yule alisema naandika kwa utulivu, naye ameguswa. Lakini hajui nani aliyekufa, wapi, wala waliomuua ni akina nani, na wasomaji wake hawawezi kumlilia mtu fulani. Nikiweka majina na mahali, atalipa wiki hiyohiyo.

"Si umepata kazi!" kijana alisema, akinipiga bega. "Weka majina tu. Majina ni bure, petit."

Nilirudi nyumbani nikamkuta yaya anachambua ndagala wake wa kuuza, wale dagaa wa ziwani, anatoa mchanga.

"Anataka nini huyo mama?"

"Jina la kaka. Na njia. Na wale watu."

Aliendelea kuchambua.

"Hiyo kitu ikiandikwa, nani anaisoma?"

"Mutu yeyote, yaya. Ndiyo intaneti."

"Hata wa hapa?"

"Hata wa hapa."

"Mumoja wao anapita hapa kila asubuhi," alisema. "Ananunua ndagala. Ananiuliza kama nimeamka vizuri, na mi ninamwambia ndiyo." Akapuliza mchanga kutoka mkononi. "Na anajua kusoma, huyo. Lakini mi sikukatazi. Muchumba naye amechoka."

Siku ya pili nilikwenda siber. Nilianza na jina la kaka. Lina herufi tano, na nilizipata zote bila kutafuta. Nikaanza jina la daraja lile alipouawa. Nyuma yangu watu wanne walikuwa benchini, na watu wa benchini husoma mashine za wenzao kwa sababu hawana kingine cha kutazama. Mmoja alikohoa. Nilifuta daraja, kisha nikafuta kaka.

Nikafikiri kuweka majina ya uongo. Lakini kila jina nililolijua lilikuwa na mwenyewe, na kila daraja lilikuwa na maiti wake. Nilikaa mikono magotini.

"Dakika zako zimeisha, mwandishi. Nikuongezee?" kijana wa siber aliuliza.

"Apana," nilisema.

Mama yule aliandika tena, mara moja tu, kijana aliniambia, kuuliza kama bado nipo. Sikwenda kumjibu.

Jumatatu nilikwenda bandarini. Yaya alinipa kile kitambaa ambacho kaka aliweka begani chini ya gunia.

Tuliganduka baada ya mvua za mwaka uliofuata. Wakati huo fundi wa baiskeli alikuwa ameshavuka kwenda Kigoma, na tulisikia ameoa huko. Watu waliokuja hawakujaza ua. Ilipofika saa ya kumwelezea marehemu, hakukuwa na mzee wa ukoo aliyebaki, wote wakanitazama mimi. Mfukoni nilikuwa na ile habari ya kaka, karatasi niliyoichana daftarini, kwa sababu nilijua kwamba kusema bila karatasi nitashindwa.

Niliisoma kama ninavyoandika, polepole. Mtu mmoja, jioni moja, njia fulani. Hakuna aliyeuliza nani. Hakuna aliyeuliza wapi. Kwenye neno "watu" mama mmoja alivuta shuka lake juu ya kichwa, na mzee aliyekuwa karibu naye akavua kofia. Yule mnunuzi wa ndagala naye alikuwepo, maana ni jirani na jirani haachwi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamia mrija wake wa pombe akanywa.

Asubuhi iliyofuata alipita kununua ndagala, akamuuliza yaya kama ameamka vizuri. Mimi nilikuwa nimeshakwenda bandarini.