Jina Ambalo Kifo Hakilitamani

Juzi nilirudi Ujiji kumwona mtoto wa dada yangu. Amezaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama kifaranga. Dada na shemeji walikuwa wakipekua simu kumtafutia jina. Jikoni mawese yalikuwa motoni, na harufu ile ikanirudisha kwa bibi.

Jina la ukoo wetu, ndugu yangu, ni Makinamara. Limetoka Ayalandi. Sista mkunga wa huko alimzalisha bibi katika zahanati ya misheni, na mtoto aliyezaliwa, yaani baba yangu, akapewa jina la ukoo wa sista. Tulijua hivyo tu.

Nilipokuwa darasa la tano, tulipata mwalimu mgeni aliyependa maana za majina. Alilitafuta langu kwenye simu, akasoma bila ubaya wowote: "Mwana wa mbwa wa bahari." Darasa likaangua kicheko. Kwetu, kumwita mtu mtoto wa mbwa ni kutafuta ngumi. Tangu hapo nikipita nasikia, "Makinamara, bweka kidogo tukupishe." Nami na aibu zangu, nikaapa kuliacha jina hilo.

Nilimkuta bibi ufukweni akigeuza dagaa juani, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa mchangani.

"Kwani sikujua? Sista mwenyewe aliniambia, akiona haya kama wewe."

Kabla ya baba, bibi alizika watoto mfululizo, wote wenye majina mazuri. Wazee wa kabila letu, Waha, walikuwa na dawa yao: mtoto anayefuata apewe jina la kudharaulika, kifo kikipita kisimtamani. Ndiyo maana bibi alizoea kumwita baba Kabwa, kijibwa.

"Nani anaiba mbwa, mume wangu?" akaniuliza, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Tena huyu wa majini, hata kumkamata ni kazi."

Akanionyesha baba, mzima, akivuta mtumbwi nchi kavu na wenzake.

Kesho yake mwalimu alipoita majina, niliitika. Kwa sauti ndogo, lakini niliitika.

Sasa bibi hayupo, sista alisharudi kwao, na majina ya namna ile hakuna anayeyatoa. Dada na shemeji walichagua jina tamu sana. Sikubisha. Waliponipa mtoto nimpakate, nilimwinamia sikioni, nikamwita polepole: Kabwa.